RAM imeandikwa 3200 ila mashine inasoma 2400

Hili swali naletewa kila mara na watu waliojenga PC yao ya kwanza. Mtu kanunua RAM (memori ya muda ya kompyuta) imeandikwa spidi 3200, yani mara milioni 3200 za kupitisha data kwa sekunde, kaifunga, kaweka Windows, kaingia Task Manager pale kwenye Performance anakuta 2400, au 2133, au 2666, basi roho inamuuma anajua kashapigwa. RAM feki zipo, sikatai, ila hapa mara nyingi muuzaji wa watu hana kosa, RAM ni nzima na hiyo 3200 iko nayo, haijaambiwa tu ikimbie.

Iko hivi, ile spidi ya maandishi makubwa kwenye boksi kwa RAM nyingi za gemu ni ovakloki, yani imepandishwa juu ya kawaida, mtengenezaji kaijaribu akaona inahimili. Ndani ya RAM kuna kachipu kanaitwa SPD, humo zimehifadhiwa spidi za kawaida zinazofuata viwango vya JEDEC (shirika linalopanga viwango vya memori) halafu na profaili nyingine yenye ile spidi ya kwenye boksi. Mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) ikiwaka mara ya kwanza inachukua ile ya kawaida, na ina sababu, DDR4 (kizazi cha RAM kilichokuja kabla ya DDR5) ya kawaida inakula volti 1.2 wakati profaili ya boksi mara nyingi inataka 1.35, sasa haiwezi kujiongezea umeme yenyewe bila ruhusa yako.

Ruhusa unaitoa kwenye BIOS, ile menyu ya bodi inayokuja kabla Windows haijawaka. Washa huku unagonga Delete au F2, tafuta XMP, ndo inayowasha ile profaili ya boksi (hilo jina ni la Intel, toka 2007 enzi za DDR3). Kwenye bodi za AMD ndo majina yanachanganya watu, ASUS wanasema DOCP, MSI A-XMP, na kwenye DDR5 AMD wakaleta ya kwao EXPO mwaka 2022 pamoja na Ryzen 7000. Kazi ni moja. Chagua profaili, gonga F10, sevu, imeisha hiyo. Ila kwa DDR5 skrini inaweza kukaa nyeusi dakika kadhaa mara ya kwanza, bodi inajifunza RAM, tafadhali usizime kwa presha. Na ukiangalia kwa programu ya CPU-Z ukaona 1600 usianze kulia tena, DDR inapitisha data mara mbili kwa kila pigo la saa, hiyo 1600 ndo 3200 yenyewe.

Inalipa lakini? Inategemea. 2133 ni kama GB 17 kwa sekunde kwa chaneli moja (njia ya data kati ya RAM na prosesa), 3200 ni 25.6. Kama una prosesa kama Ryzen 5 5600G na huna kadi ya grafiksi, gemu zinatumia RAM hiyo hiyo kuchora picha, kwa hiyo utaiona tofauti bila kuambiwa. Kama una kadi yako na kazi ni Excel na YouTube, washa tu kwa sababu ni bure ila usitegemee maajabu. Na mimi nikiulizwa kipi kianze nasema RAM mbili kwanza XMP baadaye, maana mbili zinatumia chaneli mbili kwa pamoja, GB 8 mbili za 2400 zinapitisha GB 38.4 kwa sekunde, zinaipita GB 16 moja ya 3200 mbali tu, ilimradi umezichomeka sloti ya pili na ya nne kutoka kwenye prosesa kama bodi yako ina nne.

Kuna sehemu hutoboi hata ufanyeje. Prosesa ya Intel Core i5-10400 kwenye bodi yenye chipset ya H410 au B460 mwisho wake 2666, basi, Intel walikuja kufungua kuanzia B560. Laptop nyingi na zile mashine za ofisi zilizotumika XMP hazina kabisa, so ukiuziwa RAM ya gemu ya bei ili uchomeke humo unatupa hela.

Ikigoma kuwaka baada ya XMP, bodi nyingi zinajaribu mara chache halafu zinarudi zenyewe kwenye 2133 au 2400. Hapo kwanza angalia kama hujachanganya RAM mbili za maduka tofauti, hata kama zote zimeandikwa 3200 haimaanishi zitaelewana. Weka XMP halafu shusha spidi kwa mkono iwe 3000 au 2933, ikitulia iachie MemTest86 (programu ya kupima RAM) usiku mzima kwenye flashi, ikileta erori hata moja shusha tena maana RAM isiyotulia inakuharibia mafaili kimya kimya.

Na kama XMP inajizima kila umeme ukikatika au kila ukizima ukutani, acha kuisumbua RAM. Ni betri ya bodi imekufa, ile ya duara CR2032, bodi nyingi za mtumba zinakuja nayo hivyo hivyo. Nunua mpya, weka, washa XMP upya, na saa ya kompyuta nayo itaacha kurudi nyuma.