Tafakari ya wiki: Meno ya kuvumwani

Bwana asifiwe wapendwa. Wiki hii naomba tukae na kitu kidogo sana, kuvumwani, ile mimea mifupi ya kijani inayotanda kwenye mawe na magogo yenye unyevu. Sulemani alinena habari za mierezi ya Lebanoni akashuka mpaka hisopo uotao ukutani, basi na sisi tushuke kidogo zaidi.

Kuvumwani haina maua wala mbegu, inazaa kwa spora, vumbi laini linalokaa ndani ya kapsuli juu ya kijiti chembamba. Kapsuli ina kifuniko, kikidondoka unakuta mdomo umezungukwa na meno, mara nyingi 16, aina nyingine zina safu mbili, ya nje na ya ndani. Johann Hedwig, daktari aliyefanya kazi Leipzig na kufariki 1799, aliyatumia meno haya kutofautisha aina za kuvumwani na wataalamu wanayaangalia mpaka leo.

Sasa yanatokeaje? Hapo ndipo mi nilipobaki mdomo wazi. Kapsuli ikiwa bado changa, chini ya kifuniko kuna seli zimejipanga matabaka, tabaka moja linazunguka lingine, na pale matabaka mawili yanapogusana kuna ukuta mmoja wa pamoja. Seli ya nje inaongeza unene upande wake, ya ndani nayo upande wake, kama majirani wawili wanaopiga plasta ukuta mmoja kila mtu kwa kwake. Halafu seli zenyewe zinakufa, kuta nyembamba za pembeni zinabomoka, vinabaki vimesimama vipande vya ule ukuta mnene, na hivyo ndiyo meno yenyewe. Ukiliweka jino la safu ya nje chini ya hadubini, kwenye aina nyingi utaona mgongoni mstari unaoshuka katikati, maana upande wa nje seli mbili zilikaa ubavu kwa ubavu na upande wa ndani ilikuwa moja tu, na vile vipau vinavyokatiza ni mabaki ya kuta za seli zilizopangana juu na chini. (Jamii ya Polytrichum meno yao ni seli nzima zilizokufa, hiyo ni habari nyingine.)

Sasa angalieni hapa jamani, zile pande mbili hazilingani. Mmoja unavimba kwa unyevu kuliko mwenzake, kwa hiyo hewa ikibadilika jino linajikunja au linajinyoosha, na kwa aina nyingi hewa ikikauka mlango unafunguka spora zinaondoka na upepo, unyevu ukirudi unafungwa. Pande zingekuwa sawasawa lisingecheza hata kidogo.

Sisi kwenye ushirika tunaombaga Mungu atufananishe, huyu aombe kama mimi, yule atoe kama mimi, kwaya na wazee waone jambo moja, na mi nahisi wakati mwingine tunamuomba atuondolee kile kile alichotupa. Yule anayekuudhi kwenye kikundi cha maombi kwa haraka zake, na wewe unayemuudhi kwa kuchelewa kwako, mnanenepesha ukuta mmoja, na huenda wote wawili msilione jino lake, maana seli zile nazo zinakufa kifuniko kikiwa bado hakijadondoka.

Basi wiki hii tuombeane kwa majina, na kila mtu aanze na yule anayemchosha.