Siku Moja Juu ya Farasi, Kutoka Bububu hadi Bonde la Bumbwisudi

Nilimwomba jamaa yangu wa Bububu, kisiwani Unguja, anayefuga farasi wawili, aniazime mmoja kwa siku nzima, naye akakubali kwa sharti kwamba nifuatane na saisi wake, mzee aliyewatunza wanyama hao tangu walipoletwa. Nilikuwa nimejifunza kupanda kwa miezi minane, lakini ufukweni tu, kwenye mchanga uliolowa, ambako hakuna tawi la kumpiga mtu usoni, wala mfereji, wala mazao yaliyoanikwa.

Jioni ya kuamkia safari saisi alinipima kwenye mzani wa magunia. Nilikuwa na kilo 61, tandiko lilikuwa na kilo 8, na farasi jike niliyepewa alikisiwa kuwa na kilo 350. Wapandaji wengi hufuata kipimo kwamba mzigo wote usizidi moja ya tano ya uzito wa mnyama, kwa hiyo tulikuwa ukingoni kabisa, na mkoba niliokuwa nimeujaza maji na chakula ukaachwa nyumbani. "Maji yako utayaomba njiani, mwanangu," aliniambia. "Ya kupangiwa ni ya farasi." Farasi anayefanya kazi kwenye joto huweza kunywa lita 30 na zaidi kwa siku, na jasho lake humtoa chumvi nyingi, hivyo saisi alikwishawaarifu watu watatu wa njiani wenye mabomba au visima, akatia na bonge la chumvi mfukoni.

Tuliondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwezi wa Agosti, wakati wa kipupwe, yeye akiwa juu ya yule dume aliyehasiwa. Barabara kuu tuliivuka kwa miguu tukiwa tumeshika hatamu. Tukapanda kilima cha Kidichi na kuyapita mabafu ambayo Sultani Seyyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi mwaka 1850, bila kusimama, kwa kuwa ubaridi wa asubuhi ulikuwa mali yetu na haukufaa kupotezwa.

Tulipofika Kizimbani ndipo nilipojua faida ya kuwa juu. Mtu wa miguu huuona mkarafuu kwa chini, shina na kivuli. Mimi macho yangu yalikuwa ndani ya matawi, nikaziona karafuu zikiacha ukijani na kuanza wekundu, hali inayomwambia mchumaji kwamba asikawie, kwa sababu zikishafunguka ua thamani yake hupungua. Lakini matawi ya mkarafuu ni mepesi kuvunjika, na kila tawi ni riziki ya mwenyewe. Nililala shingoni mwa farasi kila tulipopita chini yake, na palipobana niliteremka.

Mbele kidogo, bibi mmoja alikuwa ameanika karafuu juu ya turubai kando ya njia. Upepo uliinua pembe ya turubai, farasi wangu akaruka ubavuni na kurudi nyuma kwa nguvu. Farasi hukimbia kwanza na kuangalia baadaye, na kumvuta lijamu wakati huo ni kumthibitishia kwamba hatari ipo. Nililegeza mkono, nikasema naye kwa sauti ya chini, nikamgeuza alitazame turubai, kisha nikateremka. Nilimwamkia bibi shikamoo na kumwomba radhi. "Marahaba," akajibu. "Lakini akizikanyaga, mie nitasema na nani?" Hakuwa na la ziada, na hakustahili kuwa nalo: karafuu hizo zilikuwa kazi ya mikono yake tangu kuchambuliwa vikonyo. Tulizunguka nyuma ya nyumba.

Saa tano tulipumzika. Nilitaka kumfunga farasi chini ya mti wenye kivuli kizuri, saisi akanizuia, kwa kuwa ulikuwa mwembe mafuta, yaani mparachichi, na majani yake ni sumu kwa farasi. Tulihamia chini ya mfenesi, mbali pia na muhogo, tukakaa hadi saa tisa.

Bonde la Bumbwisudi sikulivuka. Nilikuwa nimekusudia kupita juu ya tuta lililo baina ya majaruba ya mpunga, lakini mkulima aliyekuwa akizibua mfereji alinionyesha kwamba kwato zingelibomoa na maji yangetoroka kwenye jaruba la jirani. Alikuwa na haki. Nililitazama bonde nikiwa ukingoni, nikageuza.

Saisi alishikilia turudi kabla ya magharibi, kwa sababu usubi wanaoeneza maradhi ya farasi huuma zaidi tangu jua linapotua hadi alfajiri. Njiani alinikumbusha kwamba zamani Unguja ilikuwa na mbung'o pia, waenezao nagana, maradhi ya mifugo ambayo farasi hawayavumilii. Waliangamizwa kwa kuwaachia kutoka kwenye ndege madume waliofanywa tasa kwa mionzi, na wa mwisho alinaswa mwaka 1996. Mzee aliyasema hayo kwa shukrani ya mtu ambaye kazi yake isingekuwapo.

Zizini tuliwaogesha, tukawanywesha. Saisi aliipapasa miguu ya farasi wangu mmoja mmoja akitafuta joto, asilione. Kisha akauinua ukwato wa mbele wa kushoto, na kwa ncha ya kijiti akatoa udongo mwekundu na kikonyo kimoja cha karafuu.