Punten

Idd ya mwaka 2022 ilinikuta Bandung, Indonesia, na sikuwa na mpango wowote zaidi ya kuswali na kurudi kulala. Aliyenitoa chumbani ni mwanafunzi mwenzangu niliyekuwa nikimwita Akang, jina la Wasunda, watu wa huko, la kumwita kaka, kwa kuwa alinizidi miaka mitatu. Alisema mama yake yuko hai kule Garut, na maadamu yuko hai mimi sitakula Idd peke yangu.

Kutoka Bandung hadi Garut ni kama kilomita 60. Tulikaa njiani saa tano. Miaka miwili mfululizo serikali ilikuwa imewazuia watu kwenda makwao kwa Idd kwa ajili ya korona, na mwaka huo ruhusa ilipotoka, ni kama kila mwenye mzazi alitoka siku moja. Elf yetu, matatu ya huko, ilisimama kabisa Nagreg, kwenye kilima kinachojulikana nchi nzima kwa foleni yake. Hapo ndipo Akang alipoanza kunisomesha kwao.

Jawa Barat, mkoa wao, akaniambia, ina watu milioni 48.3 kwa sensa ya 2020. Nikanyamaza nikipiga hesabu. Sensa yetu ya 2019 ilihesabu milioni 47.6, Kenya nzima, Mandera hadi Vanga. Mkoa mmoja tu umetuzidi, nao ukubwa wake ni kilomita za mraba kama 37,000, yaani karibu nusu ya kaunti ya Turkana. Nikamuuliza wanakaaje. Akanionyesha dirishani: mpunga ngazi kwa ngazi, na nyuma yake milima ya volkano imepanga foleni kama sisi. Majivu ya milima ile ndiyo yaliyorutubisha udongo, akasema, na maji hayakauki. Hata vibao vya barabarani vilikuwa vikisema hivyo. Cileunyi, Cicalengka, Cimahi, Ciamis: "ci" ni maji, kutoka neno lao "cai". Nimetoka Pwani, ambako kina mama wanapanga madumu kusubiri mfereji, na nchi ambayo kila mji umebeba maji kwenye jina lake ilinigusa kuliko ile milioni 48.

Akaniomba jambo moja pia: nisiwaite Wajava. Wasunda wanakaa kisiwa cha Java, upande wa magharibi, lakini wana lugha yao, na ni karibu milioni 40. Nyanya yake akisafiri kwenda upande wa mashariki wa kisiwa husema, "Naenda Java."

Tulifika wakati wa magharibi, mvua imekatika punde. Kutoka barabarani hadi kwao ni uchochoro, na mtu wa Mji wa Kale anajua uchochoro: ukuta huku na ukuta huku, na vibaraza vimetazamana. Wazee watatu walikuwa wamekaa kibarazani na glasi zao za chai, wanazungumza. Mombasa nisingepita hapo bila salamu. Pale nilikuwa nimechoka, lugha yenyewe sina, na sikutaka kuwakatiza maneno. Nikapita kimya na begi langu begani. Nyuma yangu nikamsikia Akang akisema, "Punten, Aki." Nilipogeuka nikamwona ameinama, mkono wa kulia ameushusha mbele yake kama mtu anayepasua maji. Wazee wakaitikia pamoja: "Mangga."

Emak, mama yake, alinipokea kwa wali na samaki wa bwawa lao. Hakunitaja kosa langu mpaka nimeshiba. Kisha akaniita Ujang, kama anavyoitwa mtoto wa kiume, akasema kwa Kisunda, Akang akitafsiri, kwamba hapa nyumba zimebanana. Ukipita mbele ya mtu ni kama umepita chumbani mwake, kwa hiyo unamwomba. Punten. Naye hukupa njia: mangga.

"Ni hodi," nikamwambia Akang. "Hodi na karibu."

Akataka nimweleze. Nikamweleza, kisha nikaona tofauti. Sisi hodi tunaipiga mlangoni. Wao wanaipiga hata barabarani, kwa mtu aliyekaa zake nje, kwa sababu katika watu wengi hivyo hakuna pasipo mwenyewe.

Asubuhi ya Idd, Mei 2, tuliswali, tukarudi nyumbani, na watoto wote wa nyumba ile, wakubwa wenye ndevu na wadogo, wakampigia Emak magoti mmoja mmoja, wameishika mikono yake miwili. Kila mmoja alianza na neno moja, "Hapunten." Nilidhani nimesikia vibaya. Akang akathibitisha kwamba ni neno lile lile la uchochoroni, na hapa ni kuomba msamaha wa mwaka mzima. Mimi nilisimama mlangoni. Mombasa ilikuwa saa kumi ya usiku, mama yangu bado amelala, na nilikuwa na mambo ya kumwomba radhi ambayo sikuwahi kuyasema hata nilipokuwa naye chumba kimoja. Emak akanyoosha mkono upande wangu. Nikaenda, nikapiga magoti, nikasema hapunten, na yaliyofuata nikayasema kwa Kiswahili. Hakuelewa hata neno. Alinishika kichwa mpaka nikamaliza.

Mchana nilimpigia mama simu, nikayarudia.

Siku ya tatu tuliondoka alfajiri. Akang alitangulia kutafuta gari, mimi nikabaki nyuma kuagana na Emak, ambaye alinijazia begi dodoli, tamutamu laini za Garut. Nikaushika uchochoro peke yangu, mkono wa kulia nimeushusha. Mbele ya bibi aliyekuwa akifagia: punten. Mbele ya kijana aliyekuwa akiwasha pikipiki: punten. Wakanipa mangga zao bila kunishangaa.

Nyumba ya mwisho kabla ya barabara ilikuwa imefungwa, kibaraza kitupu, taa haijawashwa. Nikasema punten hata hivyo, kwa sauti ndogo, nikaendelea kutembea.

"Mangga, mangga," mtu akaniitikia kutoka jikoni.