Mteja anayelipa Alhamisi

Alhamisi ni siku ya sayari ya Mushtarii (Jupita), na kwa wanajimu Mushtarii ndiye mwenye riziki. Ndiyo maana mteja wangu mmoja, mzee mnajimu wa Chang'ombe, hulipa Alhamisi asubuhi, kabla sijamaliza chai. Meseji ya muamala inaingia, basi. Sijawahi kumkumbusha deni. Huku nina wateja wenye ofisi za vioo ambao tangu mvua za mwaka jana wananiambia "hela ipo kwenye mchakato", na hao wanasema nyota ni ushirikina.

Natengeneza tovuti hapa Dodoma, peke yangu. Kazi nyingi zinafanana: nyumba za wageni zinazojaa Bunge likianza, wauza mvinyo wa zabibu, shule binafsi, na siku hizi madalali wa viwanja, hao usiseme. Mzee aliletwa na mjukuu wake anayesoma UDOM. Ni mnajimu wa kizamani, wa kitabu, daftari na penseli. Rika langu likisikia neno mnajimu linamkumbuka Sheikh Yahya Hussein, aliyefariki 2011, kwa hiyo nilitegemea mzee atataka tovuti ya kutabiri nani atashinda uchaguzi. Hapana. Alitaka kitu kimoja tu: mtu aandike jina lake na jina la mama yake, aambiwe nyota yake.

Nyota tulizozoea ni za magazetini, zinazokwenda kwa tarehe ya kuzaliwa. Mimi ni wa mwanzoni mwa Agosti, basi ni Simba. Mzee hana habari na tarehe. "Binti, bibi yako alijua tarehe aliyozaliwa?" Hakujua. Alijua tu kwamba ulikuwa mwaka wa njaa.

Yeye anatumia abjadi. Kila herufi ya Kiarabu ina thamani yake: alifu 1, be 2, jimu 3, dali 4, ye 10, lamu 30, mimu 40, inapanda hivyo mpaka ghaini, ambayo ni 1000. Unajumlisha jina la mtu na la mama yake, unaondoa kumi na mbili kumi na mbili, na kinachobaki ndiyo nyota. Ikibaki moja ni Hamali, ile magazeti yanayoiita Punda. Mbili ni Thauri, yaani Ng'ombe, na kuendelea. Chukua Ali mwana wa Mariamu. Ali ni aini 70, lamu 30, ye 10: jumla 110. Mariamu ni mimu 40, re 200, ye 10, mimu 40: jumla 290. Pamoja 400. Toa kumi na mbili zote zilizomo, inabaki 4. Saratani. Kaa.

Kwa anayeandika JavaScript, hesabu yote hiyo ni alama moja ya asilimia, inayotoa baki la kugawanya: 400 % 12. Kompyuta ikitoa sifuri, mzee anasema sifuri si nyota, hiyo ni ya kumi na mbili, Hutu, Samaki. Mstari mmoja zaidi. Nikadhani kazi imekwisha.

Kumbe kazi ilikuwa kwenye herufi. Watu wa hapa ni akina Mazengo, Chiwanga, Pendo, Vumilia, Glory. Kiarabu hakina p, hakina v, hakina ch, na g ya "gari" hakina. P tukaipeleka kwa be, ch kwa jimu, v kwa fe ambayo ni 80. G ndiyo iliyotukalisha. Ukifuata waliorithi maandishi ya Kiajemi, g ni ndugu ya kafu, 20. Lakini Waswahili wengi waliiandika kwa ghaini, 1000. Ukiondoa kumi na mbili kwenye 20 inabaki 8, kwenye 1000 inabaki 4. Mazengo yuleyule, mama yuleyule, nyota mbili zilizoachana nafasi nne! Mzee aliomba muda. Aliporudi alisema: ghaini, kwa sababu ndivyo alivyoandika mwalimu wake. Uamuzi mmoja, sababu moja, haukubadilika tena. Anayefanya kazi hii anajua uamuzi wa namna hiyo una thamani gani, maana wateja wengi maelekezo yao ni "weka kitu chenye mvuto, nikikiona nitakijua".

Halafu kuna majina yanayoficha herufi. Neema ukiliandika kwa Kiarabu lina aini katikati, na tahajia yetu haiioneshi. Kwa hiyo mzee alisoma majina moja moja na mimi nikaandika, tukapata orodha ndefu. Jina lisilokuwamo ndilo linalohesabiwa kwa kanuni ya herufi. Hilo la Neema ni langu: nuni 50, aini 70, mimu 40, na ile te ya mwisho anaihesabu kama he, 5. Jumla 165. Mama yangu naye ni Mariamu, 290. Jumla 455, inabaki 11. Dalu, Ndoo. Kwenye gazeti mimi ni Simba. Nikamuuliza ipi nishike. Akasema, "Kwani gazeti linamjua mama yako?"

Na kwenye mama ndipo tuliposhikana. Mzee alitaka kila jina linaloandikwa lihifadhiwe, awe anawapigia watu simu. Nikakataa. Jina la mama si jambo dogo nchini hapa. Hata ukurasa wa NIDA wa kutafuta namba yako ya kitambulisho unakuuliza majina ya mama. Mtu akiwa na jina lako, la mama yako na namba yako ya simu, tayari ana pa kuanzia. Na ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. "Mimi majina ya mama za watu nimekaa nayo kichwani miaka yote hii," akasema. Nikamjibu, "Kichwani hayadukuliwi, Shehe." Akanyamaza, kisha akacheka. Sasa hesabu inafanyika ndani ya simu ya mtu mwenyewe, haitumwi popote. Anayetaka maelezo zaidi anabonyeza WhatsApp kwa hiari yake.

Ukurasa wa "mjue mbaya wako", wazo la mjukuu, hatukuugombania. Mzee mwenyewe aliukata. Ramli chonganishi imeua watu nchi hii, na Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino. Kwenye mkataba nimeandika waziwazi kwamba ukurasa huo haumo.

Nyota zenyewe siziamini. Zinanifikia tu. Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni aligoma kusaini mkataba kwa sababu TikTok imemwambia sayari ya Utaridi inarudi nyuma. Nilimweleza kwamba hairudi: inalizunguka jua kwa siku 88, ikitupita tunaiona kama inarudi, wiki tatu hivi, mara tatu au nne kwa mwaka. Akasema ahsante, tutasaini ikishatulia. Tangu hapo kwenye fomu yangu kuna swali: siku gani hupendi kuanza jambo? Watu wanalijibu kwa umakini kuliko swali la bajeti.

Mzee sasa anataka kalenda ya siku ambazo mwezi uko kwenye Nge, siku ambazo kwa mila yake watu hawaoi wala hawafungi safari. Mwezi hukaa kila nyota siku mbili na nusu hivi, hilo linahesabika. Shida ni kwamba Nge wa kitabuni na Nge wa angani, yule anayeonekana vizuri Dodoma usiku wa Julai mawingu yakiwa hakuna, wameachana karibu nyuzi 24, na kwa mwendo wa mwezi hizo ni karibu siku mbili. Mtu anaweza kuahirisha harusi akaipeleka palepale alipokuwa anapakimbia. Nimemtumia makadirio ya bei mawili, moja kwa kila Nge.