Jiwe langu la foleni, Kirumba

Juzi nilisoma kwamba Uingereza pipi zilitoka kwenye mgao mwaka 1953 na nyama 1954, miaka tisa baada ya Vita vya Pili vya Dunia kuisha. Nikacheka peke yangu. Baada ya Vita vya Kagera, Mwalimu Nyerere alituomba tufunge mikanda miezi 18. Sisi wa Kirumba, Mwanza, tuliifunga hadi matundu yakaisha.

Kazi yangu ilikuwa foleni. Alfajiri mama ananitikisa: "Amka baba, kapange jiwe." Unaliweka mbele ya duka likushikie nafasi, kisha huliondolei macho, maana wasogezaji hawakukosekana. Langu lilikuwa na doa jeupe ubavuni. Siku moja nikasinzia. Kushtuka, jiwe liko kule mwisho karibu na mtaro, na sukari imeishia mbali kabla yangu. Nilirudi na kikapu kitupu. Mama hakugomba, alitia chumvi kwenye uji akaninywesha hivyo hivyo.

Sabuni ndiyo usiseme. Shati la shule lilifuliwa kwa majani ya mpapai, yanasuguliwa juu ya mwamba ziwani hadi maji yawe kijani. Lilitakata, ila darasa zima tulinuka shamba.

Ugali ulikuwa wa njano, tukauita yanga, kama ile timu ya jezi za njano na kijani. Mimi mtoto wa Pamba, timu ya Mwanza, nikaula kwa kinyongo!

Kitoweo tu ndicho hakikutusumbua: furu, samaki wadogo wa ziwani, wa kukaanga, unatafuna na mifupa. Siku hizi nikipita soko la samaki la Mwaloni huwa nawauliza akina mama kama furu wapo. Wananionyesha dagaa.