Kokwa za tende barazani

Ramadhani ya 2018, kila baada ya tarawehe, vijana saba tulikuwa tukikutana kwenye baraza moja mtaa wa Langoni, Lamu, kusoma siasa. Siku za mwanzo zilitwendea vizuri. Tulisoma habari za Abdilatif Abdalla, kijana wa Mombasa aliyeandika waraka wa "Kenya: Twendapi?" mwaka 1968 akiwa na miaka 22, akafungwa miaka mitatu. Swali lake tulikuwa nalo midomoni sisi wenyewe.

Tukaingia kwa Karl Marx, mwanafalsafa wa Kijerumani aliyeuchambua ubepari, tukakwama. Nakala zilikuwa za Kiingereza, nami ndiye nisomaye na kufasiri. Usiku wa tatu nilikuwa bado nang'ang'ana na thamani ya ziada, yaani kile anachozalisha kibarua kupita ujira wake, kikaenda kwa mwenye mali: kiwanda, kibarua, saa za kazi, ujira. Wenzangu waliitikia kwa heshima tu. Kiwanda chenyewe hata mimi sijapata kukiingia.

Pembeni alikuwa akikaa mzee mmoja mvuvi na kikombe chake cha kahawa. Hakuwa wa kikundi. Baraza ni ya kila mtu. Usiku ule akaniita.

"Ndoo hapa, mwanangu. Lete hizo kokwa."

Akazihesabu kokwa 20 za tende tulizofuturia, akazipanga sakafuni. Hawa ndio samaki wa safari moja, akasema. Nane akazisogeza kando: mafuta, barafu, posho. Zikabaki 12. Sita akazivuta kwa mwenye chombo na nyavu. Sita zilizobaki akazitenga mojamoja, nafasi kati ya kokwa na kokwa.

"Na hawa ndio mabaharia. Sita. Kila mtu yake."

Akaviacha vidole juu ya lile fungu la mwenye chombo. Vidole vilikuwa na makovu ya mshipi, meupe. "Huyu yeo hakulowa. Simlaumu, chombo kina gharama zake na mimi nimevulia chombo cha mjomba wangu miaka. Lakini huyu chombo cha pili atanunua. Sisi sita hatununui hata kasia. Ndiyo hiyo mnayoisoma?"

Ndiyo hiyo hasa. Nilikifunga kitabu, na maneno yakatoka kwa kila mtu. Hata yule mwenzetu ambaye babake ana mashua mbili alisema, tena kwa uchungu, na namheshimu kwa hilo mpaka leo.

Lakini mzee hakuwa amemaliza. Wiki chache nyuma Mahakama Kuu ya Malindi ilikuwa imeamua wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya ujenzi wa bandari ya Lamu, ya LAPSSET, mradi wa kuiunganisha Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia. Mjini hapakuwa na habari nyingine. Tulimpigia hesabu kwenye simu: kama laki tatu na themanini kwa mtu. Akazikusanya kokwa zote 20 kiganjani, akaziangalia.

"Hizi laki ni fungu langu," akauliza, "au ni bei ya bahari?"

Mmoja akasema ni fidia, ni haki iliyopatikana kwa jasho. Mwingine akasema fungu hutoka kila safari, fidia hutoka mara moja tu. Mimi nilikuwa na huyu wa pili, na bado niko naye. Tulibishana hadi wake zetu na mama zetu wakapiga simu daku imeiva, na kesho yake mzee alikuja kabla yetu, ameshakaa.