Eliya na hesabu ya huzuni

Somo: 1 Wafalme 19:1-18

Wapendwa, Eliya alipoketi chini ya mretemu akaomba afe, sababu aliyoitoa ni hii: "mimi si mwema kuliko baba zangu." Hakutaja mwendo wa siku nzima jangwani, wala njaa, wala kiapo cha malkia Yezebeli cha kumwua kufikia kesho yake. Uchovu na hofu vilimtoka kinywani vikiwa hukumu juu ya maisha yake yote. Nasi ndivyo tulivyo: usiku wa kukosa usingizi, ugomvi asubuhi, na kufikia mchana mtu anasema "mimi sifai."

Bwana hakubishana naye. Alimlisha, akamwacha alale, akamlisha tena. Swali likaja baadaye, mara mbili: "Unafanya nini hapa, Eliya?" Linganisheni jibu la aya ya 10 na la aya ya 14. Ni lile lile, ingawa katikati yamepita upepo, tetemeko, moto na sauti ndogo. Malalamiko yaliyokaririwa hayasikii tena kinachotokea. Na "nimesalia mimi peke yangu" ni hesabu, tena hesabu iliyopungua watu 7,000, wale ambao Bwana anasema katika aya ya 18 kwamba amejisazia katika Israeli. Upweke wake ulikuwa wa kweli, idadi ndiyo haikuwa kweli.

Wiki hii, kabla ya sala ya asubuhi, ya mchana na ya kulala, andika mstari mmoja: mwili ukoje (usingizi, njaa, maumivu), hisia gani, nguvu yake kati ya 0 na 10, na kilichotangulia. "Sijisikii vizuri" haitoshi. Je, ni huzuni, hofu, aibu, wivu, au kinyongo? "Nahisi wananidharau" nayo ni dai juu ya watu wengine, na mara nyingi chini yake pana aibu au hasira. Ukijikuta umeandika "siku zote" au "hakuna hata mmoja", rudi uhesabu upya. Usiiache kazi hii mpaka Jumapili, maana kumbukumbu hufuata hali ya saa ile: ukiwa na huzuni jioni, wiki nzima itaonekana ilikuwa ya huzuni.

Kisha uombe kwa mstari huo huo, bila kuupamba. Wapo wanaodhani kukiri huzuni ni kupungukiwa imani, lakini Bwana Yesu mwenyewe alisema pale Gethsemane, "Roho yangu ina huzuni nyingi kiasi cha kufa." Mwenye Zaburi naye aliiuliza nafsi yake kwa nini inainama, na swali hilo limerudi mara tatu (42:5, 42:11, 43:5). Kuuliza mara moja hakukuiondoa hali ile.

Mistari ikionyesha huzuni, au kukosa hamu ya mambo uliyoyapenda, karibu kila siku kwa wiki mbili, huku usingizi na chakula vimevurugika, mwone daktari, na maombi yaendelee. Anayewaza kujiua asingoje wiki mbili: amwambie mtu leo, na asindikizwe hospitali.